Nilifukiza Udi Uliponiomba Nisifukize

Raya mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga. Umesema utaanzia kwa bibi yako, kisha uzunguke kwa jamaa wote mpaka magharibi, na mimi nimekuhimiza uende na usimruke mtu, maana watanuna. Watanuna kweli, lakini si hilo lililonifanya nikuharakishe. Nilitaka nyumba ibaki tupu, nikae na karatasi. Nimeshaandika mara mbili nikachana. Ya kwanza nilikuwa najisifu, ya pili nilikuwa najililia mwenyewe. Hii nitajitahidi niseme tu kilichokuwa.

Salamu sikuandikii, tutapeana kesho bandarini Malindi kabla hujapanda boti. Wala sitaki kukueleza habari za chakula, na mavazi, na nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumwambia wenyewe hawapo. Mjomba wako na mkewe watakwambia hayo huko Dar mpaka utamani kuziba masikio. Mimi nina neno moja, nalo limenikaa kooni tangu wageni wako walipoondoka nyumbani kwetu. Naona haya, mwanangu. Naona haya mpaka nikikutazama unapopanga nguo zako kwenye begi najifanya nina kazi jikoni.

Lakini nianzie mbali kidogo, kwa sababu siku ile haikuja peke yake.

Unajua kwamba baba yako, Mungu amrehemu, alipotuacha, sikuwa na kazi nyingine ila hii ya kupika udi niliyofundishwa na bibi yako. Sukari unaiyeyusha sufuriani mpaka igeuke rangi, unatia vipande vya udi, unatia sandali na mafuta, kisha unatia kile kitu chako mwenyewe usichomwambia mtu. Hicho ndicho kinachouza. Kila mpika udi wa mji huu anacho chake. Ndiyo maana nilipika madirisha yamefungwa na pazia nzito limetundikwa mlangoni. Nikimwogopa Bi Mwanaidi wa ng'ambo ya kichochoro, naye mpika udi, tena mwenye pua ambayo sijapata kuiona kwa binadamu. Alikuwa akipita chini ya dirisha anasema kwa sauti ya kuchokoza, "Leo mkono umekuteleza, shoga, zafarani imezidi!" Nami nabana dirisha zaidi.

Na wewe ulikuwa ndani. Umekaa mkekani na miko yangu, unapika udi wako wa mchanga, na moshi wa sukari na wa makaa hauna pa kutokea.

Ulipoanza kukohoa nikasema ni baridi. Baadaye nikasema ni vumbi la mtaani, baadaye nikasema ni kijicho cha watu kwa sababu ulikuwa mtoto mzuri. Nilikusomesha visomo, nikakupaka mafuta ya habasoda kifua kizima. Daktari aliniuliza, "Nyumbani mnapikia nini?" Nikamjibu, "Gesi." Hata jiko la gesi sikuwa nalo. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ameshika kifua cha mwanangu, na nilimdanganya bila kupepesa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hulikumbuki, maana ulikuwa hujaanza hata skuli. Ilikuwa Ramadhani inaishia, wateja wa Idi wananiandama. Sukari ilikuwa imeanza kugeuka. Hapo ndipo mpika udi hageuzi shingo, kwa sababu ukiiacha kidogo tu inaungua, inakuwa chungu, na sufuria nzima inakwenda jaani. Ukaanza kubanwa. Kifua kikawa kinaingia ndani, midomo ikabadilika rangi. Nilikuona, Raya. Ningependa kukwambia kwamba sikuona, lakini niliona. Nikasema moyoni, ngoja nimalize hii. Nikaendelea kukoroga.

Bi Mwanaidi ndiye aliyesikia mluzi wa kifua chako kutoka nje. Akasukuma mlango, akaingia. "We Salma! Mtoto huyu anakufa, we umesimama na mwiko?" Na unajua nilifanya nini alipoingia? Nilivua kanga begani nikafunika sinia la viungo, asije akaona ninachotia. Mkono wangu ulikwenda kwenye sinia kabla haujakwenda kwako. Yeye hata hakulitazama. Alikunyakua, akatoka mbio nawe peku peku mpaka hospitali. Mimi nilifuata nyuma baada ya kuiepua sufuria.

Udi ule ulitoka mzuri sana. Nilisifiwa Idi nzima.

Bi Mwanaidi hakulitaja jambo lile tena, si kwangu wala kwa mtu. Nami badala ya kumshukuru nilimchukia kwa miaka, kwa kuwa alikuwa ameniona. Na madirisha sikuyafungua.

Basi ulikua. Ukaenda sekondari, ukarudi siku moja na gunia la vifuu ulivyookota kwa wauza nazi wa Darajani, nguo zako zote nyuzi nyuzi za makumbi. Nikakucheka. Nikakuita Bi Vifuu, na mtaa mzima ukalichukua jina. Ulikaa nami jikoni ukanieleza kwa taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kifuu ukikichoma ndani ya debe lililofunikwa, mama, hewa isiingie, hakiwi jivu, kinakuwa mkaa. Mkaa ule ukiwa mwekundu ukiupitishia mvuke, unatoboka ndani kwa ndani, vijitundu ambavyo jicho halivioni. Moshi ukipita, zile harufu na sumu zake zinanasa mle." Ukanitajia na jina lake, kaboni amilifu, nami nikakwambia, "Makaa nnayajua kabla hujazaliwa, mwanangu, usinifundishe makaa." Ulicheka siku ile. Nadhani ulicheka ili nisijione nimekosea.

Ukawa kila Jumamosi unakwenda Fumba kwa ami yako Haji, kwa sababu hapa mjini hapana uwanja wa kuchomea. Kisha ukaleta lile kasha. Umeligongomea mbao mwenyewe, mbele kitambaa cha kuzuia masizi, katikati droo za mkaa wako, nyuma feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu. Ukaliweka karibu na jiko langu. Na hukunificha mipaka yake. Ulisema makaa ya jikoni yanatoa sumu nyingine isiyo na harufu, na sumu hiyo kasha haliishiki, dawa yake ni dirisha tu. "Lakini sikiliza, mama. Harufu ya unachotia italiwa na kasha. Kwa hiyo dirisha utafungua, na Bi Mwanaidi hatonusa kitu."

Sikukuelewa siku ile uliniambia nini. Nimekuja kuelewa juzijuzi tu. Mtoto niliyemkosesha pumzi alikaa chini akatafuta njia ya kupumua ambayo pia ingenitunzia siri yangu.

Sasa nafika kwenye siku ya wageni.

Mwalimu wako, Bi Zuwena, alikuwa amewaomba wale wawili wa mfuko wa vijana waje walione kasha likifanya kazi. Wakiridhika, wangekusaidia utengeneze mengine kwa wapika udi, na kwa mafundi wa makochi wa Mlandege wanaopuliza vanishi siku kutwa. Ulikuwa umetia mkaa mpya kabisa, uliouhangaikia likizo nzima. Asubuhi ukaiwasha feni kulijaribu kasha, ukavaa baibui lako, ukasimama mlangoni.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Leo usifukize. Hata kidogo. Mkaa uwe mtupu mpaka wafike, kisha utapika sufuria moja mbele yao."

"Nshakusikia."

"Mama."

"Nshakusikia, Raya! Mie si kiziwi."

Ukaenda kuwapokea Darajani. Nikabaki nimekaa ukumbini, na pua yangu ikaanza kazi. Nyumba ilinuka samaki wa jana. Ilinuka mtaro. Nikawaza, wageni wanakuja kwa Salma mpika udi, wanaingia wanakuta harufu ya nyumba ya mtu yeyote. Watasemaje? Tangu nizaliwe sijaona mgeni akapokelewa nyumbani kwetu bila udi, hata wa msiba. Nikawasha chetezo. Nikasema kipande kimoja tu, cha ukumbini. Kisha kingine, cha chumbani. Kisha nikaingia jikoni, ambako ndiko kulikonuka zaidi, nikakiweka chetezo juu ya kigoda, mbele ya kasha lako, feni inavuta. Nikatia udi wangu ule mzuri. Nikafunga madirisha ili harufu ishike mapazia. Nikakaa nikafurahi.

Usidhani nilisahau ulichoniomba. Nilikumbuka, na nilikuona mtoto.

Ulipofungua mlango na wageni wako nilikuona unasita. Ulinitazama mara moja, kisha ukageuka ukawaambia karibuni, karibuni ndani. Nikapika sufuria yangu. Moshi ukaingia kwenye kasha upande huu, ukatokea upande wa pili vile vile, tena sasa una harufu ya udi niliofukiza juu yake, kwa kuwa mkaa ulikuwa umeshakunywa mpaka hapana pa kutia zaidi. Yule mgeni mwanamme akatoa leso akafuta macho. Akauliza kwa upole, "Ndivyo linavyokuwa siku zote?"

Ulikuwa na jibu la maneno mawili. Mama kafukiza. Ungelisema, mambo yangekwisha, wangekuja siku nyingine. Ukasema, "Samahani sana. Nadhani nimekosea kuuandaa mkaa. Kosa langu."

Nilikuwa nimesimama na sinia la kahawa. Nilikuwa na mdomo. Nilikuacha useme.

Na kama haikutosha, yule mama mgeni aliponigeukia, labda kwa kutaka kunifariji, akasema, "Lakini binti yako hodari," nikamjibu, "Aa, huyu anacheza tu na vifuu vyake. Ataacha." Nikacheka. Na wao wakacheka, kama wageni wanavyocheka. Bi Zuwena alitazama chini. Wewe ulikuwa unazima feni.

Walikunywa kahawa, wakala vileja, wakasifu namna nyumba inavyonukia.

Jibu lilipokuja kwamba wamechukua kazi ya mtu mwingine, uliinuka pale pale. Magunia ya vifuu ukayatoa nje. Nafasi ya chuo uliyopata Dar, ya uhandisi wa kemikali, ukasema huitaki, utakwenda kukaa dukani kwa mjomba Kariakoo, uuze vitambaa. "Kemia imenishinda, mama." Nami nilijua kwamba haikukushinda. Nilijua kilichokushinda ni nini. Nikasema, "Kheri." Niliona afadhali upotee kwenye vitambaa kuliko mimi kusema sentensi moja.

Basi yaliyofuata hukuyaona, ulikuwa hukai tena jikoni.

Ulipata kunieleza kwamba mkaa uliojaa haufi, ukipashwa moto unaweza kurudi. Nikasema nitakurudishia wako, uukute kama ulivyokuwa, tusihitaji hata kuzungumza. Nikaumwaga kwenye kikaango, nikauweka jikoni, nikapepea. Mimi nisiyetaka kufundishwa makaa. Mkaa ukashika moto wote mbele yangu, nikabaki na majivu ya likizo yako nzima. Nilikuwa nimesahau habari ya debe kufunikwa, au labda sikuwahi kuisikiliza. Niliyazoa majivu yale kwa mikono, nikayatupa kabla hujarudi, na ulipouliza mkaa wa kwenye droo umekwenda wapi nikasema nimesafisha. Ukasema, "Vizuri."

Nikaenda Fumba. Nilikwambia nakwenda kumjulia hali ami yako. Uongo mwingine huo. Nilitaka mkaa mwingine, kama upo. Haji akanipeleka nyuma ya nyumba akanionesha rundo la makaa. Nikafikiri ndio akiba yako. Akasema, "Hayo ni yale yaliyoharibika." Raya, lilikuwa limenifika kiunoni. Nikamuuliza ulikuwa ukifanya nini ukiharibu. Akasema, "Anakaa chini kidogo pale kwenye jiwe, kisha anaanza tena." Mimi sufuria moja ikiungua mtaa mzima unajua. Nilikaa kwenye jiwe lile nikalitazama rundo, na neno langu la kwamba unacheza likanirudia mbele ya Haji, nikashindwa hata kumuaga vizuri.

Niliporudi nikafungua madirisha. Nilipika na madirisha wazi kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Bi Mwanaidi akapita, akasimama, nikaona sasa yamekwisha, kila kitu kiko nje. Nikamwambia, "Haya, nusa, shoga. Sema nnatia nini."

Akanitajia. Vyote, mpaka kile cha mwisho.

"Umejua leo?"

"Leo? Mie nnajua tangu mwanao anatambaa. Pazia lako lile halizuii kitu, Salma. Kwani mie nna haja gani na udi wako? Nna wangu."

Akaenda zake. Nilikaa kwenye kizingiti mpaka sukari ikaungua, na sikuijali.

Siri yenyewe haikuwepo. Nilikuziba pumzi kwa kitu ambacho kilikuwa kinajulikana mtaani miaka yote. Nimejaribu kulipindua hili kila upande nipate pa kujitetea, sijapata.

Wiki hii nimekwenda kwa Bi Zuwena. Nilivaa baibui jipya kama naenda harusini, ujinga mtupu. Nikamweleza kila kitu, chetezo, kigoda, madirisha. Akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Mbona yeye alitwambia kakosea mwenyewe?"

"Alinistahi."

Akasema, "Wale wageni n'tazungumza nao, lakini siahidi kitu. Chuoni jina lake bado lipo, hawajalitoa. Ila mimi siye wa kuambiwa haya kwanza, Bi Salma. Nenda kamwambie mwenyewe."

Ndiyo haya nakwambia. Nilikuwa na siku kadhaa za kukwambia kwa mdomo, na kila ukikaa karibu yangu nikakuuliza kama umeshapiga pasi.

Sikuandikii ili uchukue ile nafasi. Ukiona moyo wako kweli uko kwenye vitambaa, viuze, na mjomba wako atapata muuzaji hodari kuliko anavyostahili. Nataka tu usichague kwa hesabu ya uongo. Mkaa wako ulifanya kazi. Ulifanya kazi sana, ulinasa kila nilichouletea, na ndiyo maana hapakubaki nafasi ya kuwaonesha wageni. Aliyeshindwa siku ile alikuwa amesimama na kahawa.

Kuna moja tu ninaloliogopa kwako, na nimelipata kwa kujitazama mimi. Wewe ni mwepesi wa kusema kosa langu. Huko unakokwenda watakuwepo watu watakaokuachia ubebe yao, watakuona una mabega ya kubebea, na watakupenda kwa hilo, na watakusifia adabu. Mimi nilikuwa wa kwanza wao. Nilikulea ukajua kwamba mama haaibishwi mbele ya wageni, na ulijifunza vizuri kuliko nilivyostahili. Ukiwaona, wape mzigo wao wakiwa bado wamesimama hapo.

Sijui kama utanisamehe, na kwa kweli sitaki unijibu haraka, kwa sababu najua ukijibu haraka utasema yamekwisha, mama, usijali. Barua hii nitaitia juu kabisa kwenye begi lako, uikute unapotafuta kanga ya kulalia. Utaisoma leo, kabla ya safari, nimekusudia iwe hivyo. Nisingekuachia uisome ng'ambo, ambako usingenifikia.

Kesho tutakuwa wengi bandarini. Bibi yako atakuwepo, na Bi Mwanaidi kasema atakuja, na watu watakuwa wanalia na kukupa vifurushi. Ukiwa na hasira nami, mwanangu, nikasirikie pale pale, mbele yao wote. Wakikuuliza kwa nini huendi chuo, waambie mama alifanya nini. Nitakuwa nimesimama karibu yako na sitacheka. Usinistahi tena.

Mama yako,
Salma